Dau Lilipangwa Akiwa na Miaka 13

Mwaka 2014 klabu ya Atlanta Braves ilimsajili kijana wa Kivenezuela kwa dola 100,000. Julai 2016 klabu hiyohiyo ilirudi nchini humohumo na kumsajili kijana mwingine kwa dola milioni 4.25. Wa kwanza ni Ronald Acuña Jr. Wa pili ni Kevin Maitán. Acuña aliingia ligi kuu ya besiboli ya Marekani Aprili 2018 akiwa na miaka 20, akatwaa tuzo ya mchezaji bora mgeni mwaka huohuo, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya nusu mbili za ligi kuu, baada ya kupiga homurani 41, yaani mipira iliyovuka ukuta, na kuiba vituo 73, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mwenzake apige. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha 40 na 70 kwa msimu mmoja. Maitán hakucheza ligi kuu hata siku moja.

Klabu ni moja, nchi ni moja, na katikati ipo miaka miwili tu. Mmoja alithaminiwa mara 42 na nusu ya mwenzake, kisha hesabu ikageuka miguu juu. Wapo wanaoisimulia habari hii ili kuwacheka maskauti. Mimi sioni cha kucheka. Naona watoto wawili waliopimwa kwa mizani mbovu, na naona klabu ambazo hadi leo zinaitumia mizani ileile kuamua nani awe wa kwanza na nani awe wa ishirini katika orodha ya chipukizi wao.

Kwa msomaji ambaye besiboli kwake ni mchezo wa mbali, mambo yako hivi. Kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina ngazi za timu za chini zinazolea wachezaji, na Wamarekani wenyewe huuita mfumo huo shamba. Kijana wa Kimarekani huingia shambani kwa mgawo wa kila mwaka, ambamo klabu huchagua vijana kwa zamu, akitoka sekondari au chuoni. Kijana wa Jamhuri ya Dominika au Venezuela hahusiki na mgawo huo. Yeye husajiliwa moja kwa moja akiwa na miaka 16, dirisha ambalo siku hizi hufunguliwa Januari 15. Klabu zote 30 zina akademi zao Jamhuri ya Dominika, nyingi zikiwa upande wa Boca Chica, mashariki ya Santo Domingo. Tangu mwaka 2017 kila klabu imewekewa kapu la fedha lenye ukomo usiovukwa: mwaka 2024 makapu hayo yalianzia takriban dola milioni 4.6 hadi milioni 7.1. Na mavuno si haba, kwani msimu wa 2024 ulipoanza, wachezaji zaidi ya 100 wa ligi kuu walikuwa wazaliwa wa Dominika, nchi yenye watu wapatao milioni 11.

Hiyo ndiyo kanuni ilivyoandikwa. Uwanjani mambo ni mengine. Makubaliano ya mdomo hufanyika mtoto akiwa na miaka 14, 13, na wengine hata 12. Anayemsimamia mtoto ni mtu anayeitwa buscón, neno la Kihispania lenye maana ya mtafutaji: humpeleka kambini, humlisha, humfundisha, humtafutia klabu, na siku ya malipo hukata chake, mara nyingi asilimia 30 au zaidi. Shule huachwa njiani. Kwa hiyo Januari 15 inapofika na magazeti yakatangaza kwamba fulani amesajiliwa kwa milioni 3, tunachosomewa ni maoni ya miaka miwili au mitatu iliyopita, maoni ya mtu mzima aliyemtazama mtoto ambaye sauti yake ilikuwa bado haijavunjika. Kisha sisi wachambuzi tunalichukua dau hilo na kulifanya alama ya kwanza ya kijana. Kosa letu linaanzia hapo.

Tazama jinsi majaribio yanavyoendeshwa. Ni asubuhi, jua bado halijawa kali. Vijana wanapangwa wawiliwawili, wanakimbia yadi 60, yaani karibu mita 55, na saa za maskauti zinabonyezwa kwa pamoja. Wanasogea mbali uwanjani na kurusha mpira kwa nguvu zote ili mkono uonekane. Halafu ni zamu ya rungu. Kocha anasimama karibu, nyuma ya wavu, anawarushia mipira laini iliyonyooka, na kila mpira unaopaa kuelekea ukutani unafuatwa na kalamu zinazoandika. Sifa ni tano: kupiga, nguvu, mbio, udakaji na mkono. Kila moja hupewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ni wastani wa ligi kuu.

Sasa, mtu anayeandika 55 mbele ya nguvu za mtoto wa miaka 14 hajaziona nguvu hizo, maana hazipo bado. Ameangalia upana wa mabega, urefu wa mapaja na ukubwa wa viganja, ameuliza baba yake ana urefu gani, kisha akauchora mwili wa miaka kumi ijayo na kuupa alama mchoro wake. Mbio na mkono zinapimika siku hiyo. Nguvu zinaotewa ndoto. Na sifa iliyo ngumu kuliko zote, ya kuupiga mpira unaokuja kwa hila kutoka kwa mtu anayetaka kukudanganya, haikupimwa kabisa, kwa kuwa asubuhi ile hakuna aliyejaribu kumdanganya.

Mwili nao hauna ahadi. Julai 2008 Oakland Athletics walimpa Michael Ynoa dola milioni 4.25. Alikuwa mrushaji wa miaka 16, mrefu kupita mita mbili, mwenye mkono uliowatia watu wazimu. Mwaka 2010 kiwiko chake kikafanyiwa upasuaji. Alifika ligi kuu mwaka 2016, akiwa na klabu nyingine, na akatoka bila kuacha alama. Maitán alitangazwa kuwa ndiye Miguel Cabrera ajaye, yaani mrithi wa nguli wa upigaji wa Kivenezuela. Mwaka mmoja baada ya kusajiliwa mwili ulikuwa umekwisha kunenepa, na nafasi yake ya shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu anayetakiwa kuwa mwepesi kama paka, ikaanza kumponyoka. Upande wa pili yuko Elly De La Cruz, ambaye Cincinnati Reds walimchukua mwaka 2018 kwa dola 65,000. Alikuwa kijana mwembamba aliyepitwa na wengi, kisha akarefuka, akajaa, na tangu mwaka 2023 anatisha warushaji wa ligi kuu.

Na yuko Jose Altuve. Alikwenda kwenye majaribio ya Houston Astros huko Maracay, Venezuela, akaambiwa ni mfupi, asirudi. Kesho yake akarudi akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Wakamwacha acheze, na mwaka 2007 wakampa dola 15,000. Mwaka 2017 alikuwa mchezaji bora wa Ligi ya Marekani, ile nusu nyingine ya ligi kuu, akiwa na sentimita zilezile 168 zilizomkosesha siku ya kwanza.

Cheti kile kinanikumbusha jambo ambalo sisi tunalijua vizuri. Mashindano ya vijana kwetu yamezoea vilio vya vijeba, wanaume wenye ndevu wanaochezeshwa na watoto. Huko pia wapo, na sababu ni bei. Chipukizi mmoja aliyesajiliwa na Washington Nationals mwaka 2006 kwa dola milioni 1.4, kama mtoto wa miaka 16, aligundulika mwaka 2009 kuwa na jina jingine na miaka minne zaidi. Watu walimlaumu kijana. Mimi nautazama mfumo unaosema kwamba uwezo uleule, mkono uleule, rungu lileile, lina thamani ya milioni likiwa na umri wa miaka 16 na halina thamani ya nauli likiwa na 20. Mfumo wa namna hiyo unawaita wadanganyifu kwa sauti kubwa.

Lazima nitende haki hapa. Ukikaa ukahesabu akina Altuve peke yao utafika mahali pabaya. Nyuma ya kila Altuve wa dola 15,000 wako mamia ya vijana wa dola 15,000 ambao hakuna atakayewasikia, waliorudi kwao baada ya misimu miwili wakiwa hawana shule wala kazi. Na dau kubwa si upuuzi. Vladimir Guerrero Jr. alisajiliwa na Toronto Blue Jays mwaka 2015 kwa dola milioni 3.9 na akazilipa zote. Juan Soto alipata milioni 1.5 mwaka huohuo. Ukichukua vijana mia wa dau kubwa na mia wa dau dogo, wale wa kwanza watatoa wachezaji wengi zaidi. Hilo silibishi.

Ninachobisha ni sababu yake, kwa kuwa sehemu ya tofauti hiyo si kipaji. Kijana wa dola 10,000 akipiga vibaya misimu miwili kwenye ligi ya kiangazi ya Dominika, ngazi ya chini kabisa ya shamba, anafungashiwa virago, kitanda chake kinapewa mwingine. Kijana wa milioni 4 akipiga vibaya vilevile anabadilishiwa kocha, anatafutiwa mtaalamu wa lishe, anahamishiwa nafasi nyingine, anasubiriwa. Ynoa alisubiriwa miaka minane. Maitán, baada ya Braves kukutwa wamevunja kanuni za usajili na ligi kuwaachia huru vijana wao zaidi ya kumi Novemba 2017, alipata dola milioni 2.2 nyingine kutoka kwa Los Angeles Angels, ingawa wakati huo kila skauti alikuwa ameshaona mwili umebadilika. Dau la kwanza lilikuwa bado linasema kwa niaba yake. Basi tunapopiga hesabu na kusema waliosajiliwa kwa bei kubwa hufaulu zaidi, tukumbuke kwamba walinunuliwa pamoja na muda, na wenzao hawakupewa muda huo.

Dau humtesa pia huyohuyo anayelipwa. Jasson Domínguez alisajiliwa na New York Yankees Julai 2019 kwa dola milioni 5.1, akabandikwa jina la Mtu wa Mars kabla hajacheza mechi hata moja ya kulipwa. Mwaka 2020 janga la korona likafuta msimu mzima wa timu za chini. Aliporudi uwanjani na kuonekana mtoto wa kawaida anayejifunza, wakaanza kumwandika kuwa amefeli, na alikuwa na miaka 18. Septemba 1, 2023, mjini Houston, zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga katika ligi kuu, aliuchapa mpira wa Justin Verlander ukatua majukwaani. Alikuwa na miaka 20. Kiwiko kikamsimamisha baada ya mechi nane, lakini walioandika kuwa amekwisha sikuwaona wakifuta.

Kwa hiyo tutazame nini? Naanza na jicho. Mpira wa kilomita 153 kwa saa unafika kwa mpigaji katika muda wa karibu sekunde 0.4, na uamuzi wa kupiga au kuacha lazima ukamilike kabla mpira haujafika nusu ya safari. Mtazame kijana wa miaka 17 akiwa ameshahesabiwa makosa mawili, na la tatu litamtoa. Mrushaji anampa mpira unaoanza kama umenyooka, kisha unadondoka na kukimbilia nje. Goti la mbele linaanza kufunguka, mikono inashuka kidogo, halafu inasimama. Rungu halijatoka begani. Mpira unaingia kwenye glovu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, nje ya eneo halali na kijana hata hageuki kumwangalia mwamuzi. Hakuna kelele uwanjani, hakuna anayepiga picha. Kwangu kusimama kule kwa mikono kunanieleza mengi kuliko mpira uliopaa ukuta wakati wa mazoezi. Soto alikuwa hivyo. Alicheza mechi 122 tu za timu za chini, akaingia ligi kuu mwaka 2018 akiwa na miaka 19, na msimu huo alipewa kituo bure mara 79 kwa kuacha mipira ambayo watu wa miaka 30 waliifuata. Desemba 2024 New York Mets walimpa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765.

Ndiyo maana takwimu za ligi ya kiangazi ya Dominika nazisoma kwa tahadhari. Warushaji wa pale nao ni watoto, wengi hawajui mpira utakwenda wapi, kwa hiyo anayeacha mipira huenda ana jicho na huenda anaogopa tu. Kipimo kinaanza kusema kweli kijana anapopanda daraja na kukutana na watu waliomzidi miaka mitatu au minne. Umri ukilinganishwa na daraja ni jambo la kwanza la kusoma, kabla ya wastani wa kupiga. Jackson Chourio, Mvenezuela aliyesajiliwa na Milwaukee Brewers Januari 2021 kwa milioni 1.8, aliigusa Double-A, hatua mbili chini ya ligi kuu, akiwa na miaka 18. Desemba 2023 klabu ikampa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 82 kabla hajacheza ligi kuu hata dakika moja. Hawakuwa wananunua mbuzi kwenye gunia. Walikuwa wamemwona akishindana na wanaume.

Kwa kipimo hichohicho namtetea Ethan Salas. San Diego Padres ndio walioipeleka kamari ya mtoto mmoja mbali kuliko wote: Januari 2023 walimpa mdakaji huyu dola milioni 5.6, karibu kapu lao lote, na mwaka uliofuata wakampa Leodalis De Vries milioni 4.2. Salas walimkimbiza madaraja hadi Double-A akiwa na miaka 17. Mwaka 2024 alipiga wastani wa .206, yaani alifaulu karibu mara mbili tu katika kila zamu kumi, na mwaka 2025 mgongo ukamweka nje karibu msimu mzima, orodha za chipukizi zikamporomosha. Lakini mtoto aliyezaliwa Juni 2006, anayecheza udakaji, nafasi inayokomaa polepole kuliko zote, hawezi kuhukumiwa kwa .206 dhidi ya watu wa miaka 22. Waliokosea ni waliomharakisha. De Vries naye hatutamwona na jezi ya Padres: Julai 31, 2025, akiwa na miaka 18, alikwenda Athletics katika biashara iliyoleta San Diego mrushaji Mason Miller, ambaye mpira wake unapita kilomita 160 kwa saa. Padres wanajua kuchagua. Swali langu kwao ni kama wanajua kulea.

Houston walifuata njia nyingine ambayo nashangaa haina wafuasi wengi. Mwaka 2015 walimchukua Framber Valdez kwa dola 10,000 akiwa na miaka 21, na Cristian Javier kwa dola 10,000 akikaribia 18. Kwa soko la Dominika hao walikuwa wazee, waliokwisha kupitwa na treni. Novemba 2, 2022, kwenye mechi ya nne ya fainali, Javier alirusha vipindi sita bila Philadelphia kupata mpigo hata mmoja, wenzake watatu wakamalizia kazi, na Astros wakatwaa ubingwa siku tatu baadaye. Wote wawili jumla waligharimu dola 20,000. Mtu wa miaka 18 au 21 unamwona alivyo: mkono wake ni huo, mwili wake ni huo. Soko limemshusha bei kwa kosa la kukua, wakati kukua ndiko kulikomfanya apimike.

Mkataba wa sasa kati ya ligi na chama cha wachezaji unakwisha Desemba 1, 2026. Julai 2022 walijaribu kukubaliana juu ya mgawo wa kimataifa wakashindwa, na suala hilo litarudi mezani. Sina mapenzi makubwa na mgawo, kwa kuwa utapunguza nguvu ya kijana kuchagua na utashusha bei za walio wengi. Lakini hali ya sasa haivumiliki. Januari 2025 Roki Sasaki, mrushaji wa Kijapani aliyekuwa amekwisha kucheza ligi kubwa ya kwao, alilipwa na Los Angeles Dodgers dola milioni 6.5 kutoka kwenye kapu lilelile la watoto, na baadhi ya vijana waliokuwa wameahidiwa na Dodgers kwa miaka ikabidi wahamie kwingine. Ahadi ya mdomo kwa mtoto wa miaka 13 haina mahakama. Ningeanza na jambo moja: skauti atakayekubaliana bei na mtoto kabla ya miaka 15 afungiwe, na klabu yake ikatwe kapu. Watoto wangerudi shule, na klabu zingenunua kitu kinachoonekana.

Jambo hili limeshafika pia kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na Pittsburgh Pirates nao wamewahi kumsajili Mganda, mrushaji David Matoma. Vijana hawa hawana mamilioni yanayowasemea. Wameanza mchezo kwa kuchelewa, mechi walizocheza ni chache, na wakifika kwenye ligi ya kiangazi wanapimwa pembeni ya Wadominika walioshika rungu tangu wakiwa na miaka minne. Misimu miwili haiwatoshi.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alipita daraja kwa daraja, akipiga wastani ambao ungemfukuzisha kwenye klabu nyingi, wakimbakiza kwa sababu ya udakaji wake. Aprili 26, 2017, miaka tisa baadaye, aliingia uwanjani Pittsburgh, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi kuu. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs, aliusukuma mpira ukapita katikati ya uwanja, akakimbia mpaka kituo cha kwanza.